Visanduku vya muziki visivyo na betri: umeme wake unatoka wapi na unaupima aje

Kama hupiga kinanda kanisani pale Kondele, ama uko na kabendi ka ohangla kanazunguka Siaya na Bondo kila wikendi, lazima umewahi kushika kale kaboksi kadogo ka MIDI (ile data vinanda hutumia kuambiana noti gani imepigwa) ama ka DI (ka kuingiza kinanda ama gitaa kwa miksa kupitia waya wa maiki) ukakageuza huku na huku ukitafuta pa kuweka betri, hakuna, shimo la adapta hakuna, na muuzaji anakwambia wewe chomeka tu itafanya. Na kweli inafanya. Halafu unaenda nayo kwa kinanda cha mtu mwingine, inakataa, mnaanza kusema imeungua.

Mara nyingi haijaungua. Umeme wake unapitia waya ule ule unaobeba data ama sauti, kifaa cha upande wa pili ndicho kinautoa, na vifaa havitoi sawa. Ukijua unatoka pini gani na ni kiasi gani, utajua kabla ya kulipa kama hicho kisanduku kitawaka kwako ama hakitawaka. Uwe na mita, ile ya kawaida ya digito ya mafundi wa redio inatosha kabisa.

Kwanza tutoe vile visivyotaka umeme wowote, maana watu wanavipangia adapta bure. Pikapu ya sumaku ya gitaa inajitengenezea volti zake, waya wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku basi koili inatoa umeme. Maiki ya dainamiki ile ya MC ni vile vile. DI ya pasivu ni transfoma tu ndani, haili kitu. Pedali ya sasteni ni swichi. Pedali ya kupandisha sauti taratibu, ile ya ekspresheni, ni kidude cha kuzungusha kama cha volyumu, kinanda chenyewe ndicho kinaipelekea volti kidogo kupitia jeki na kusoma kinachorudi. Hizo zote chomeka ucheze.

Sasa MIDI, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapotea. Hiyo soketi ya duara yenye pini tano tuko nayo tangu 1983 na kati ya hizo pini zinazofanya kazi ni tatu. Iangalie vizuri: pini ya katikati kabisa ni namba 2, mbili zinazoipakana ndizo 4 na 5, mbili za pembeni mwisho ni 1 na 3 na hazina kazi. Pini 2 ni athi (earth), imeshikana na ile neti ya waya inayozunguka ndani ya kebo. Pini 4 ndani ya kinanda imeunganishwa na volti 5 kupitia rezista ya ohmu 220, inakaa hivyo saa zote upige usipige. Pini 5 ndiyo inavutwa chini na kuachiliwa kwa kasi ya biti 31,250 kwa sekunde, na kila ikivutwa chini mkondo wa kama miliampia 5 unatoka pini 4, unapita kwa kifaa kinachopokea, unarudi kwa pini 5. Huko kwenye kifaa kinachopokea, mkondo huo unapita kwa ka-taa kadogo ndani ya chipu, kanawaka na kuzima na upande wa pili wa chipu kuna jicho linakasoma. Kwa hivyo hata MIDI ya kawaida kabisa, mtumaji ndiye anawasha taa ya mpokeaji, hii stori ya kupitisha umeme kwa waya wa data haikuanza na visanduku vya juzi.

Kisanduku kisicho na betri kinafanya nini basi? Kinasimama kati ya pini 4 na pini 2 na kudokoa zile volti 5. Ila kuna ile rezista ya 220 njiani na ndiyo inaweka bajeti. Ukivuta miliampia 5, rezista inakula volti 1.1 na wewe unabaki na 3.9. Ukivuta 10 unabaki na 2.8. Ukitaka kuvuta karibu 23, volti zinaisha zote, umepiga shoti. Pahali pazuri zaidi pa kuchota nguvu ni katikati, volti 2.5 kwa kama miliampia 11, na hiyo ni miliwati 28 hivi, kitu kidogo sana. Ndio maana utaona visanduku vya kugawanya MIDI bila adapta vinatoa matawi machache, vya matawi mengi kwa kawaida vinakuja na adapta yao. Matawi manne yakiwaka pamoja ni miliampia 20, na kinanda hakina. Vingine vinajisaidia na kapasita ndani, inajaza wakati hakuna data inapita halafu inamwaga wakati unapiga, na hiyo inasaidia kweli kwa mtu anayepiga kodi za kanisa polepole, lakini ukianza kuzungusha gurudumu la pichi na rithimu inatuma data yake juu, kapasita inaishiwa na noti zinaanza kukwama. Ile noti inalia haikomi mpaka uzime kinanda, unaijua.

Umeme huo unatoka kwa soketi ya OUT (inayotuma), na mara nyingi THRU (inayopitisha kilichoingia) pia, lakini IN (inayopokea) haitoi kitu. IN imejengwa makusudi isishikane na athi ya upande ule mwingine, hivyo hata pini 2 yake huachwa wazi. Kisanduku kikikataa, angalia kwanza kama hujakichomeka upande wa IN.

Kingine ni kebo. MIDI yenyewe inapita tu vizuri bila pini 2, mzunguko wake ni 4 na 5. Kwa hivyo kebo ya bei rahisi ambayo aliyeitengeneza hakujisumbua kuunganisha pini 2 itafanya kazi miaka kati ya vinanda viwili, siku ukiweka kisanduku cha kudokoa umeme kinakufa, na utaapa kebo ni nzima kwa sababu jana ilikuwa inafanya kazi. Weka mita kwa ile ya mlio, shika pini ya katikati ya plagi hii na ya katikati ya plagi ile. Isipolia, hiyo kebo iwekee kazi nyingine.

Kupima kinanda chenyewe: mita kwa DC volti 20, waya mweusi kwa pini ya katikati, mwekundu kwa jirani yake mmoja halafu kwa mwingine. Zote mbili zinafaa kusoma karibu 5 kama hakuna anayepiga kitu. Ile inayoshuka kidogo ukizungusha gurudumu la pichi ndiyo 5, nyingine ndiyo 4. Lakini hiyo ni kupima bila mzigo na mita haivuti chochote, hata soketi mbovu inaweza kukuonyesha 5 nzuri kabisa. Chukua rezista ya ohmu 470, iweke kati ya pini 4 na 2, upime tena hapo hapo. Ukisoma 3.4 hivi, kinanda kiko sawa na kisanduku kitapata chakula. Ukisoma 1 na kitu, kuna rezista imebadilika thamani ama soketi imeachia solda kwa bodi, na hiyo ya soketi kuachia iko kwa vinanda vya mtumba sana, vile watu wanavuta kebo kwa nguvu wakimaliza ibada.

Kama bila mzigo unasoma karibu 3.3 badala ya 5, hakuna kilichoharibika. Vifaa vingi vya siku hizi vinatumia 3.3, rezista zake ni 33 kwa pini 4 na 10 kwa pini 5. Mpokeaji wa kawaida haoni tofauti, lakini kisanduku kilichotengenezewa volti 5 kinaweza kukataa kuamka. Hapo muulize muuzaji ama usome karatasi, inafaa iseme 5 na 3.3 zote. Vile vidude vya Bluetooth vya kuchomeka kwa soketi za MIDI, kama WIDI Master ya CME na MD-BT01 ya Yamaha, vinakula kutoka OUT hiyo hiyo, na WIDI Master inakubali zote mbili.

Na vile vifaa vidogo vya sasa vyenye MIDI kwa jeki ndogo kama ya hedifoni, umeme ni ule ule, njia ndiyo imebadilika: aina A, pete ni pini 4, ncha ni pini 5, shina ni athi. Aina B wamegeuza pete na ncha. Adapta ya aina isiyo yako haitaunguza kitu kwa kawaida, itanyamaza tu.

Kuna kitesta unaweza kujitengenezea jioni moja na hakihitaji betri, tena kitakusaidia zaidi ya nusu ya vitu unavyonunua. Tafuta plagi ya pini tano. Usiende kununua mpya, tafuta kibodi ya kompyuta ya zamani kabisa, zile zenye plagi kubwa ya duara kabla hazijakuja ndogo za rangi, kwa mafundi wa jua kali na kwa watu wa spea pale Kibuye huwa zimelala tu kwa gunia, pini zake zimepangwa sawa na za MIDI. Kata kebo, tumia mita kujua waya gani unaenda pini 4 na gani pini 5, usiamini rangi. Taa ya LED nyekundu, mguu mrefu kwa waya wa pini 4. Mguu mfupi kwa rezista ya 220, upande wa pili wa rezista kwa waya wa pini 5. Funika na tepu ya umeme. Chomeka kwa OUT ya kinanda, piga noti, taa inamemeta. Usipopiga inazima, kwa sababu 4 na 5 zote ziko juu sawa na hakuna mkondo unapita. Ukigeuza miguu ya LED haitaungua, haitawaka tu, igeuze tena. Vinanda vingine taa itamemeta hata kama umekaa tu mikono mapajani, hiyo ni ile data ya kusema niko hai inayotumwa mara tatu na zaidi kwa sekunde, ama ni saa ya rithimu inayopiga 24 kwa kila bito. Mimi hicho kitesta ndicho huchomeka kwanza kabla ya kulaumu kompyuta.

Sasa wengi wenu mtasema kinanda changu hakina hiyo ya duara. Ni kweli, vinanda vingi vya bei ya chini sasa vina USB TO HOST peke yake. Hiyo soketi ya mraba haitoi umeme hata kidogo, inangoja kompyuta ama simu iwe mkubwa. Usitafute kisanduku cha kudokoa hapo.

Twende kwa maiki. Miksa ikiwa na kitufe kimeandikwa 48V ama fantomu, basi iko na umeme wa kutosha kwa XLR, ile plagi ya maiki ya pini tatu. Inapeleka volti 48 kwa pini 2 na pini 3 zote, kila moja kupitia rezista ya 6,800, na pini 1 ni athi. Hii ya 48 ilianza 1966 wakati Neumann walipotengenezea redio ya taifa ya Norway maiki ambazo hazihitaji kisanduku cha umeme pembeni, wakatumia 48 kwa vile studio za huko zilikuwa tayari na umeme wa 48 wa taa za dharura. Tumerithi hiyo namba mpaka leo, miksa ya kanisa la mabati huko Nyando inaitumia.

Kwa sababu pini 2 na 3 zina volti sawa, maiki ya dainamiki iliyounganishwa vizuri haihisi kitu, hakuna mkondo unapita kwa koili yake, hivyo wacha ile hofu ya ati fantomu itaunguza maiki ya MC. Maiki ya riboni ndiyo ya kuogopa, kebo ikiwa na shoti inaweza kukata ule utepe mwembamba. Na kuna kitu kingine cha kuogopa ambacho huku kwetu kiko kila mahali, ile kebo ya XLR upande mmoja na jeki ya kawaida upande mwingine, ya kuleta kinanda kwa miksa. Ndani yake pini 3 imefungwa na athi, pini 2 inaenda moja kwa moja kwa mdomo wa sauti wa kinanda. Miksa nyingi ndogo zina kitufe kimoja cha fantomu kwa chaneli zote, mtu wa kwaya akiwasha kwa ajili ya maiki zake za kondensa (zile zinazohitaji umeme), kinanda kinapokea volti ambazo hakikutengenezewa. Kuna vinavyovumilia na kuna vinavyokufa. Weka DI katikati, hata ya pasivu, transfoma haipitishi DC, mambo yameisha.

Bajeti ya fantomu ni kubwa kuliko ya MIDI. Rezista mbili pamoja ni kama ohmu 3,400, kwa hivyo kifaa kikivuta miliampia 4 kinabaki na volti 34, kikivuta 10 kinabaki na 14. Ukichota pale katikati unapata miliwati karibu 170, mara sita ya MIDI. Ndiyo inawasha DI za aktivu (zenye kikuzio ndani kinachokula umeme), maiki za kondensa, na vile vikuzio vidogo vya njiani kama Cloudlifter na FetHead vinavyoongezea maiki ya dainamiki nguvu ya desibeli 25 hivi bila kupitisha fantomu kwa maiki yenyewe.

Kupima: washa fantomu, feda (kidude cha kutelezesha sauti) chini, mweusi kwa pini 1, mwekundu kwa 2 halafu 3. Zote zisome karibu 48. Kati ya 2 na 3 isome sufuri, ama karibu sana. Moja ikisoma 48 na nyingine 30, kuna kitu kibovu kwa hiyo chaneli na itakuletea mvumo. Miksa ndogo, hasa zile zinazokula USB, zinaweza kuandika 48 na kutoa chini ya hapo, pima na uone, kondensa nyingi zitafanya kazi na kidogo lakini sauti ikipanda zinapasuka. Na kama mnagawanya sauti ya maiki moja kwa miksa ya ukumbi na ya kurekodi na kigawanyaji cha transfoma, fantomu inapita kwa tundu la moja kwa moja tu, lile la pili linazuia. Unganisha miksa yenye fantomu kwa lile la kwanza. Kabla ya kuchomoa chochote, zima chaneli, zima fantomu, ngoja kidogo, kapasita zimwage. Spika za watu ni ghali.

Nifike kwa nyatiti, maana hapa ndipo nimeona chombo kikilaumiwa bure. Nyatiti ya siku hizi ina nyuzi za nailoni, pikapu ya gitaa haioni nailoni, sumaku haina cha kushika. Litungu ya Bungoma ikifungwa nailoni ni vile vile. Wengi wanabandika ile sahani ndogo ya piezo ya shaba, kama zile za ndani ya saa za kengele, kwa ngozi ama karibu na daraja. Piezo inajitengenezea umeme ikibonyezwa, haihitaji betri, na kwa nyatiti ni tamu kwa sababu inashika na ule mlio wa pete ya chuma ya kidole cha mguu, oduong'o, inayogonga mti. Tatizo ni kwamba piezo ni dhaifu, haiwezi kusukuma mkondo. Chukua sahani ya nanofaradi 20 hivi, ichomeke kwa laini ya miksa yenye ohmu 10,000, kila kitu chini ya hezi 800 kinamezwa, unabaki na kelele ya bati na watu wanasema nyatiti haifai kwa spika. DI ya pasivu inasaidia lakini haishuki kama ya aktivu. Ipe DI ya aktivu yenye ohmu milioni moja, mpaka unashuka hezi 8, besi yote imerudi, na hiyo DI inakula fantomu ya miksa, betri hakuna. Soma nyuma ya DI kabla ya kununua, iwe imeandikwa inafanya kazi kwa fantomu na si kwa betri peke yake. Na uifunge piezo kwa waya wenye neti, mfupi, la sivyo mtasikia redio ya Kisumu katikati ya wimbo.

Simu nitapita haraka. Maiki ndogo ya kubana kwa kola inakula volti 2 hivi kutoka kwa tundu la hedifoni, kupitia rezista ndani ya simu. Ya simu ina mistari mitatu myeusi kwa jeki, ya kamera ina miwili, zinafanana na haziingiliani bila adapta. Simu za USB-C bila tundu zinahitaji adapta yenye chipu ndani, ile ya waya tupu haitafanya kazi kwa kila simu.

Kwa USB yenyewe kompyuta inatoa volti 5, miliampia 500 kwa USB 2.0 na 900 kwa USB 3.0, simu mara nyingi inatoa kidogo kuliko hapo. Kibodi ndogo ya MIDI itawaka. Kisanduku cha kurekodi chenye fantomu kinaweza kukataa, maana hizo 48 zinatengenezwa kutoka kwa hizo 5, na iPhone itakuandikia ati kifaa kinataka umeme mwingi. Hapo tafuta habu ya USB yenye tundu lake la umeme, simu inabaki na data tu. Watu wa matanga mnaotumia pawabenki kulisha hiyo habu stima ikipotea, jueni nyingi hujizima zenyewe zikiona mzigo ni mdogo, kwa hivyo kibodi peke yake inaweza kuzimika katikati ya pambio. Chomeka na ka-taa ka USB pembeni, mzigo unaongezeka, haizimi, na tena mnaona mnachopiga.